Wale Niliowaandika Kwamba Hawana Sikio

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameambiwa hana haja ya kuwahi popote. Nimeitundika jikoni. Inakwenda vizuri. Kisha Aline, mdogo kuliko walimu wote wa kituo chetu cha muziki, akanishika mkono mlangoni akasema, "Mama Speciosa, utuandikie namna unavyofundisha sikio. Usiondoke nayo." Nilimjibu kwamba sikio halifundishwi kwa karatasi. Lakini nimekaa nyumbani wiki tatu sasa, nyanya zangu nimezipalilia mpaka zimeanza kuniogopa. Basi naandika.

Nilianza kazi Muhima, hapa Kigali, katika chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya magari. Siku ya kwanza walikuja wanafunzi sita, na magitaa yalikuwa manne, moja lina nyuzi tano. Chini yetu mabasi ya kwenda Nyabugogo yalipiga honi tangu asubuhi hadi jioni. Wiki ya kwanza nilifunga madirisha, tukapikika humo ndani kama viazi. Wiki ya pili nikayafungua, nikawauliza: "Honi ile na hii ya sasa, ipi iko juu? Iko juu kwa kiasi gani? Niimbieni zote mbili." Walicheka, wakaimba. Lile likawa somo langu la kwanza la kweli, na sikulipanga. Miaka mingi baadaye kituo kilipohamia Kimihurura, kwenye nyumba yenye bustani na majirani wa ofisi za ubalozi, na magari yanayopita taratibu bila kelele, nilijikuta nimepungukiwa vifaa vya kufundishia.

Nilichojua nilikitoa kwa Mzee Deo. Alikuwa mwalimu wa kwaya katika parokia yetu kule Bujumbura, nilikokulia, mtu mfupi, mkali, koti lake limejaa unga wa chaki mabegani. Kaka yangu alikuwa na gitaa, na mimi nililipiga akiwa hayupo. Siku moja Mzee Deo alinikuta nalipiga nyuma ya kanisa. Sikukemewa. Alisikiliza wimbo mzima, kisha akatoa leso mfukoni, akaisokota katikati ya nyuzi mpaka gitaa likawa bubu.

"Sasa niimbie noti uliyotaka kupiga," akasema.

Sikuweza. Nilijua kidole kinakwenda wapi, sikujua sauti inakwenda wapi.

"Unaona? Gitaa linakufichia ujinga wako," akasema. "Ukibonyeza mahali sahihi, litaimba tu, hata kama kichwani mwako hamna kitu. Mwimbaji hana pa kujificha. Imba kwanza, ndipo ubonyeze."

Kwa miaka minne alinifundisha solfeji, yaani kusoma noti kwenye karatasi na kuziimba kwa majina yake, do, re, mi, bila kusaidiwa na chombo. Aliponiaga tukihamia Kigali alinipa diapazoni yake, kile kijiuma cha chuma unachokigonga gotini kikatoa noti ya la. Bado ninayo. Aline, usiniombe.

Nawaambia shida ya wanafunzi wote wa gitaa, ili msidhani ni ya wenu tu. Wa kinanda anaona noti zake zimepangwa mbele yake. Wa kwaya hana ila koo lake. Wa gitaa anajifunza kwa maumbo: vidole vitatu hivi ni akodi hii, noti kadhaa zikilia pamoja; sogeza vichumba viwili kwenye shingo ya gitaa, ni akodi nyingine. Anaweza kupiga harusi mia moja na asijue jina la noti hata moja. Ukimwambia aimbe, anakutazama kama umemwambia avue viatu mbele za watu. Kwa hiyo msianze na karatasi. Anzeni na nyuzi sita zilivyo wazi. Apige uzi mmoja, auzime kwa kiganja, anyamaze hadi ahesabu nne, kisha aimbe alichosikia. Ule ukimya wa katikati ndio somo. Walimu wengi wadogo wanauruka kwa sababu unachosha. Unachosha, ndiyo.

Sasa nifike kwa Ramadhani.

Alikuja Kimihurura siku ya mvua, gitaa limefungwa kwenye mfuko wa plastiki na yeye mwenyewe ameloa. Alikuwa fundi cherehani wa Nyamirambo, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye kofia ya kufuma na kidevu kilichonyolewa vizuri. Babu yake alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani, ndiyo maana Kiswahili cha nyumbani kwao kilikuwa kizuri kuliko changu wakati mwingine, na wakati mwingine kilikuwa cha Kigali kabisa.

"Mwalimu, gitaa najua," alisema hata kabla hajaketi. "Miaka ishirini napiga kwenye harusi. Shida iko kwa karatasi."

Akanieleza. Bendi yake ilikuwa imepata kazi ya kudumu hotelini, na kiongozi mpya alikuwa mtu aliyesomea muziki. Huyo alileta nyimbo zimeandikwa. Aliwaambia wanamuziki wote kwamba baada ya miezi mitatu atamweka kila mmoja mbele ya karatasi asiyowahi kuiona, aimbe mstari wake, kisha aupige. Atakayeshindwa atatafutiwa mtu wa kushika nafasi yake.

"Na mimi kuimba sijui," akasema Ramadhani. "Sijaimba tangu shule ya msingi. Mwalimu wa darasa la tatu aliniambia nisimame nyuma nifungue mdomo tu. Mpaka leo nafungua mdomo tu."

"Ukipoteza nafasi hiyo utakuwa na cherehani," nikasema.

"Cherehani iko nzuri," akajibu. "Lakini Mwalimu, cherehani napiga kwa sababu ya watoto. Gitaa napiga kwa sababu yangu."

Nilimpenda kwa neno hilo. Nikamchukua.

Tulifanya kazi mara tatu kwa wiki, saa ya mchana alipofunga duka kwa sala na chakula. Kusoma alisoma haraka kuliko nilivyotegemea. Fundi cherehani amezoea alama ndogo kwenye kitambaa, na mdundo ulikuwa mguuni mwake tayari. Lakini kila nilipomwimbia ngazi ya noti ili airudie, mambo yaliharibika. Do yake ilikuwa nzuri. Re ilitetemeka. Akifika fa, mishipa ya shingo inamsimama. Akifika sol, sauti inakatika, anaangukia mahali ambapo hapana jina katika muziki wowote ninaoujua. Nikagonga diapazoni, nikamwimbia la polepole, mara kumi. Mara kumi akanipa kitu kingine, na si kilekile.

Wiki ya tano nilifungua daftari langu. Tangu Muhima nilikuwa na daftari la wanafunzi, kila mtu na mistari yake michache: anakimbia mdundo, anaogopa uzi wa sita, mama yake ndiye anayetaka. Kwenye jina la Ramadhani nikaandika maneno mawili: hana sikio. Nilipanga kumwambia wiki inayofuata, kwa upole, na nilijua tayari maneno nitakayotumia. Niliyajua kwa sababu nilishawahi kuyatumia.

Siku hiyo niliyopanga kumwambia, mambo mawili yalitokea, na yote mawili hayakuwa ujanja wangu.

La kwanza, niliamka sauti imekauka. Mafua ya msimu wa mvua. Nilikuwa natoa upepo tu. La pili, nilipofika kituoni nilimkuta Ramadhani kwenye baraza, amewahi, na karibu naye msichana mmoja wa shule analia kwa sababu gitaa lake limelegea nyuzi zote. Ramadhani alilichukua, akalilaza pajani, akaanza kukaza. Hakuwa na kifaa chochote cha kupimia, wala hakuomba. Aliinamisha kichwa, akapiga uzi, akakaza kidogo, akapiga tena, akarudisha nyuma nusu ya nusu, akaenda wa pili. Dakika mbili. Akamrudishia.

Nililiomba lile gitaa nikapiga nyuzi zote sita. Lilikuwa safi kabisa.

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni. Mtu asiye na sikio hawezi kufanya vile. Hakuna njia. Sasa mtu huyu ana shida gani?

Tuliingia darasani. Kwa kuwa sikuwa na sauti, nilichukua gitaa langu nikampigia do, re, mi kwenye nyuzi badala ya kumwimbia. Akaimba do. Nzuri. Re, nzuri. Mi. Fa. Nilisubiri avunjike kwenye sol. Hakuvunjika. Alipanda mpaka do ya juu, sauti nene, tulivu, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Nikarudia, nikabadilisha, nikaruka kutoka do kwenda la, kutoka re kwenda si. Akanifuata kote.

"Mwalimu," akasema, "leo umenipa noti rahisi."

"Ni zilezile," nikamnong'oneza.

"Wallahi si zilezile. Leo ziko chini."

Hapo ndipo nilipoketi.

Nyie mliosoma mtaelewa haraka, na mtashangaa ilinichukua miaka mingapi. Gitaa huandikwa juu na kusikika chini. Do iliyoandikwa kwenye karatasi ya gitaa, chombo hutoa do ya chini yake, noti nane chini. Hilo nilikuwa nalifundisha kila mwaka, katika somo la pili, na ubaoni nililiandika kwa chaki ya rangi. Lakini mimi ni mwanamke, na kila nilipotoa mfano nilitoa kwa sauti yangu, palepale karatasi inaposema. Wanaume waliolelewa kwenye kwaya walikuwa wanaishusha wenyewe bila hata kujua, kwa sababu tangu utotoni wamesimama karibu na waimbaji wa besi, wale wa sauti nene. Hao ndio niliokuwa nawasifu kwamba wana sikio. Ramadhani hakuwahi kusimama kwenye kwaya yoyote. Alisikia noti yangu sawasawa, na kwa sababu sikio lake lilikuwa zuri, alijaribu kuipata ileile, palepale nilipo, juu ya paa la sauti yake. Alikuwa ananing'inia ukutani kwa vidole, na mimi chini namwandika kwamba hajui kupanda.

Nilimweleza. Aliivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Kwa hiyo na yule mwalimu wa darasa la tatu alikuwa mwanamke," akasema.

"Darasa la tatu sauti yako ilikuwa bado ya kitoto," nikamjibu. "Huyo alikuwa mkali tu."

Tukacheka mpaka nikakohoa.

Wiki saba zilizobaki tulizitumia vizuri. Nilimwambia apige noti ya kwanza tu kwenye gitaa lake, alizime, kisha aimbe mstari wote uliobaki bila msaada. Alifanya mazoezi dukani. Wateja wa Nyamirambo walizoea kupimwa kiuno huku fundi anawaimbia sol, mi, re, do. Mkewe, Mama Zaina, alinipigia simu kunishukuru, kisha akaniuliza kama kuna dawa ya kumnyamazisha.

Siku ya mtihani sikwenda. Alikuja mwenyewe siku ya pili, hakuloa, gitaa ndani ya mfuko wa nguo nzito alioushona mwenyewe.

"Nilikosea mdundo mahali pawili," akasema. "Kiongozi akanisimamisha. Akasema, 'Unasoma kama mtoto.' Nikajua kwisha. Kisha akasema, 'Lakini unasikia kama mtu mzima. Kusoma kutakuja.' Nimebaki, Mwalimu."

Mpaka leo yuko kwenye bendi ile. Mwaka uliopita alianza kuimba sauti ya pili katika nyimbo mbili. Nilikwenda kumsikiliza. Sitamsifu hapa, atasoma.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hapo naonekana vizuri. Lakini jioni ya siku ile Ramadhani alipoleta habari, nilitoa madaftari yote kabatini nikayapekua ukurasa kwa ukurasa. Maneno "hana sikio" niliyaandika mara nne kwa miaka yote. Moja lilikuwa la Ramadhani, nikalikata. Mengine matatu yalikuwa ya wanaume. Hakuna hata mwanamke mmoja. Jambo hilo lilikuwa kwenye maandishi yangu mwenyewe, mwandiko wangu mzuri, na sikuwahi kuliona.

Wa kwanza alikuwa amefariki. Dada yake aliniambia kwa simu, nami sikumweleza kwa nini nilikuwa nauliza. Wa pili alihamia Lubumbashi. Nilimwandikia ujumbe mrefu, akanijibu kwa picha ya mkono uliokunjwa dole gumba juu. Sijui maana yake na nimeacha kuitafuta. Wa tatu alikuwa Vianney, aliyekuja kwangu Muhima akiwa kijana wa miaka ishirini na tatu, mtoto wa wakimbizi waliorudi kutoka Burundi kama sisi. Nilimwambia katika mwezi wake wa pili darasani, kwa upole wangu ule, kwamba Mungu amempa mikono mizuri na aitumie kwa kazi nyingine.

Nilisikia anaishi Busanza, kwenye zile nyumba za ghorofa walikohamishiwa watu waliobomolewa makazi yao. Nilipanda pikipiki Jumamosi mchana. Nilimkuta nje, anapaka rangi mlango, mtu mzima mwenye mvi masikioni. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Mwarimu Speciosa! Karibu. Karibu sana." Akatafuta pa kuniketisha, akafuta kiti kwa shati lake.

Akanikaribisha maziwa; niliyakataa kwanza, jambo baya kwetu, lakini nilijua nikinywa nitapoteza ujasiri. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Kwamba nilikosea. Kwamba alikuwa na sikio, au angalau sikuwa na haki ya kusema hana, kwa sababu mtihani niliompa ulikuwa mbovu. Nilimweleza mambo ya juu na chini, nikachora kwa kidole kwenye vumbi la ukuta.

Alisikiliza huku brashi inadondosha rangi ya kijani kwenye kiatu chake.

"Gitaa niliuza," akasema mwishowe. "Mwezi uleule."

"Najua. Samahani, Vianney."

"Sikukasirika, Mwarimu. Nilikuamini." Akaiweka brashi chini. "Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Nilikuamini."

Mkewe, Domitila, alikuwa ametoka na kusimama mlangoni, mikono ina unga wa muhogo. Alisikia mengi kuliko tulivyodhani.

"Ndiyo maana kanisani anasogeza midomo tu?" akaniuliza mimi, si yeye. "Miaka kumi na minane ya ndoa. Nilidhani ni mtu wa aibu. Hata watoto hakuwaimbia walipokuwa wadogo, mimi ndiye nilikuwa naimba."

Vianney alitazama pembeni.

Nikatoa gitaa dogo nililokwenda nalo. Sikupanga hotuba. Nilipiga uzi wa tano, la, nikauzima, nikamtazama. Jirani alikuwa anafua ghorofa ya juu, watoto wanapiga mpira. Vianney alisema, "Oya, hapana, Mwarimu, hapa kuna watu." Nikapiga tena, nikauzima. Domitila akamwambia mumewe, "Imba, Papa Diane. Wewe imba tu."

Aliimba. Ilitoka na kutu, fupi, lakini ilikuwa la. Nikapiga si, akaimba si. Nikapiga re, akaipata, akaishika mpaka pumzi ikamwishia. Alikaa kwenye kile kiti alichonifutia, akajifunika macho kwa mkono wenye rangi, na Domitila akaenda kusimama nyuma yake. Mimi nikanywa maziwa.

Hakutaka kurudi darasani. Alisema ana kazi nyingi na vidole vimekuwa vigumu, na nilimwamini, kwani na yeye ana haki ya kuaminiwa. Lakini Domitila alinialika misa yao ya Jumapili iliyofuata, nami nikaenda, nikaketi safu mbili nyuma yao.

Wimbo wa kuingia alisogeza midomo. Wa pili pia. Wakati wa matoleo kwaya ilianza wimbo ambao kila mtu aliyelelewa Bujumbura anaujua, na katikati ya ubeti wa kwanza nilisikia sauti nene ya mwanaume ikiingia, imechelewa, ina nguvu kuliko ilivyohitajika. Aliitangulia kwaya kwa nusu pigo, kisha akachelewa kwa nusu. Maneno ya ubeti wa tatu hakuyajua, akaweka "la la la" mahali pake. Mama mmoja aliyekuwa mbele yake aligeuka kumtazama, akamtazama kwa muda mrefu. Vianney alimtazama naye, macho kwa macho, na akaendelea kuimba.